PIMA KABLA YA KULAUMU: JINSI TULIVYOBADILISHA SPIKA YA KIKUNDI

(Haya ni maneno yaliyosemwa na wawakilishi wa kikundi kimoja cha kujisaidia kutoka Ukambani, mbele ya vikundi vingine, katika siku ya mafunzo ya miradi. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Tumeombwa tuwaeleze habari za mradi wetu. Wengine hapa wamesema juu ya kuku, wengine juu ya bwawa la mchanga. Sisi tutasema juu ya boksi la muziki. Msicheke. Hilo boksi karibu livunje kikundi chetu, na lilipotengenezwa lilitufundisha jambo ambalo miaka yote ya mwethya hatukuwa tumejifunza.

Boksi lenyewe mnalijua. Ni lile la kubebwa kwa mkono, lina betri ndani, lina Bluetooth ya kuunganisha na simu, na lina maikrofoni. Tulilinunua mwaka wa 2023. Tulikuwa wanachama 19, kila mmoja akatoa shilingi 500, jumla 9,500. Tulilitumia kwa mikutano yetu, na watu wengine tukawakodishia kwa shilingi 500 kwa siku: matanga, harusi, baraza. Pesa hizo ziliingia katika mfuko wa dharura. Mtoto wa mwanachama akilazwa hospitali, mfuko huo ndio unaofunguliwa kwanza. Kwa hivyo boksi likinyamaza, si muziki tu unaonyamaza.

JINSI LILIVYOHARIBIKA

Siku moja tulikuwa na mchango wa karo. Aliyekuwa akilishughulikia boksi ni kijana wetu mmoja, mtoto wa mwanachama. Katikati ya mchango sauti ikakwaruza, ikakwaruza, halafu ikakatika. Taa zinawaka, simu inasema imeunganishwa, lakini sauti hakuna. Imebaki ile nyembamba tu, kama ya mbu.

Basi mambo yakaanza. Wengine walisema kijana aliongeza sauti kupita kiasi. Wengine walisema aliliangusha. Kamati ikakaa, na bila kulifungua hilo boksi ikaamua kijana alipe 9,500. Hizo pesa atazitoa wapi? Mama yake hakusema neno. Aliinuka, akachukua kikapu chake, akaenda. Akakaa miezi miwili bila kuja merry-go-round.

Sisi tukapeleka boksi kwa fundi wa sokoni. Akaliwasha, akasikiliza kidogo, akasema, "Hii amplifaya imekufa. Ni 4,500, ama mnunue lingine." Hakulifungua hata yeye. Tukarudi nalo nyumbani, likawekwa pembeni ya magunia.

Aliyetusaidia ni mwalimu wa chuo cha ufundi aliyekuja likizo kwao. Alipoelezwa, aliuliza swali moja tu: "Wazee, mmelipima?"

Mwenyekiti wetu akamjibu, "Mwalimu, tulipime na nini?"

Akatoa mita mfukoni. Kumbe mita ndogo ya kupima umeme si kitu cha bei kubwa, na kikundi chochote kinaweza kuwa nayo. Hebu tuwaeleze aliyotuonyesha, ndipo tumalizie habari za yule kijana.

NDANI YA BOKSI MNA NINI

Kwanza tupatane juu ya majina. Sisi tunasema "boksi" tukimaanisha kitu kizima. "Spika" ni ile ya ndani, ya mviringo, yenye karatasi mbele na sumaku nyuma. Boksi moja linaweza kuwa na spika moja kubwa ya sauti nzito na nyingine ndogo ya sauti nyembamba. Yetu kubwa ilikuwa ya inchi 8.

Spika inafanya kazi hivi. Nyuma ya karatasi kuna koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Koili hiyo inaning'inia katika nafasi nyembamba sana ya sumaku. Amplifaya ikituma umeme, koili inasukumwa mbele na kuvutwa nyuma pamoja na karatasi, na hewa inatikisika. Mwanamume akiongea kwa sauti yake ya kawaida, karatasi ile huenda na kurudi kama mara 100 kwa sekunde moja. Hebu fikiria matanga ya kutwa nzima!

Sasa, umeme mwingi unaoingia katika spika haugeuki kuwa sauti. Katika kila wati 100, ni chache tu zinazotoka kama sauti. Nyingine zote zinageuka joto ndani ya ile koili. Ukipandisha sauti mpaka mwisho kwa saa nyingi, koili inapata moto, gundi yake inalegea, waya unaanza kukwaruza sumaku, na mwisho unakatika. Hapo ndipo kimya kinakuja.

KUPIMA: MAMBO MATANO KWA UTARATIBU

1. Chaji betri mpaka ijae. Betri ikiwa chini, boksi hutoa sauti mbovu, na mtu hudhani limeharibika.

2. Jaribu njia nyingine. Kama Bluetooth haitoi sauti nzuri, tumia waya au flashi, na ujaribu simu nyingine. Kama kosa ni lile lile kila mahali, basi si simu wala Bluetooth.

3. Weka sikio karibu na kila spika. Ni ipi haitoi sauti? Kisha zima boksi, uweke vidole vya mikono miwili juu ya karatasi, usukume taratibu na kwa usawa. Ikienda laini, vizuri. Ukisikia kukwaruza kama mchanga, koili imeharibika. (Angalieni: maboksi mengine madogo yana kitu kama spika pembeni ambacho hakina waya wala sumaku. Hicho kimewekwa kusaidia sauti nzito. Msikihesabu kuwa spika iliyokufa.)

4. Fungua. Zima boksi na uondoe chaja. Skrubu nyingine zimefichwa chini ya mpira au wavu wa mbele. Ziweke katika kikombe. Piga picha ya waya zote kwa simu kabla ya kugusa chochote. Shika bisibisi vizuri, kwa maana sumaku ina nguvu na itaivuta mkononi, nayo itoboe karatasi.

5. Ondoa waya mbili za spika na upime kwa mita, kwa kipimo cha om. Nyuma ya sumaku huandikwa om ngapi, mara nyingi 4 au 8. Spika nzima ya om 4 mita huonyesha chini kidogo, kama 3.2 hadi 3.8. Ya om 8 huonyesha kama 6 hadi 7. Mita isipoonyesha kitu, waya umekatika.

Kama hamna mita, chukueni betri ndogo ya tochi ya volti 1.5. Gusisha waya zake kwa spika mara moja tu na kuondoa. Spika nzima itasema "tk" na karatasi itaruka kidogo. Iliyokufa haisemi neno. Msitumie betri ya boksi kwa kazi hii.

Mwalimu alipopima yetu, mita haikuonyesha kitu. Kisha akachukua spika ya redio kuukuu ya mzee mmoja, akaiunganisha kwa zile waya za boksi, akawasha kwa sauti ya chini. Muziki ukatoka! Wote tukapiga makofi. Ile amplifaya tuliyoambiwa imekufa ilikuwa hai kabisa. Iliyokufa ni spika, na spika ni kitu cha kununua na kubadilisha.

Kabla ya kuondoka alifanya kipimo kimoja zaidi. Aliweka mita kwa volti za betri, akapima kati ya zile waya mbili za amplifaya, boksi limewashwa bila muziki. Ilionyesha karibu sufuri. Alituambia kama ingeonyesha volti 1 au zaidi, amplifaya ina kosa, na ingeweza kuharibu spika mpya. Hapo ndipo mtu humwendea fundi.

KUNUNUA: KOSA LETU LA PILI

Hapa tutajisema wenyewe ili nyinyi msirudie. Tulimtuma mweka hazina Machakos mjini. Tulipima upana wa karatasi kwa rula, tukaandika, akaenda. Alileta spika nzuri, inang'aa, lakini ilipowekwa mahali pake ikapita shimoni na kuingia ndani! Spika hupimwa kwa fremu ya nje, haipimwi kwa karatasi. Shilingi 800 zikaenda hivyo, na nauli 400 juu.

Kwa hivyo, beba ile spika ya zamani mkononi. Usiache hata kama ni nzito. Na uangalie mambo haya dukani:

(a) Fremu iwe na upana sawa, na matundu ya skrubu yalingane.

(b) Kina, kutoka fremu hadi mwisho wa sumaku. Sumaku ikiwa ndefu mno itagonga betri au kile kibao cha umeme.

(c) Om ziwe zile zile. Hili msilichezee. Om ni kama wembamba wa mfereji wa maji: om zikipungua, ni kama mfereji umepanuka, na umeme mwingi zaidi hupita. Volti 12 katika om 4 hupitisha ampea 3. Katika om 2 hupitisha ampea 6, mara mbili. Amplifaya haikutengenezwa kwa mzigo huo, itaungua. Ukiweka om 8 mahali pa 4 haitaungua, lakini sauti itapungua.

(d) Wati ziwe sawa na za zamani au zaidi kidogo. Msidanganywe na namba kubwa zilizochapwa kwa karatoni. Ukiona "PMPO" na maelfu ya wati, hiyo ni namba ya kuuzia. Uliza wati za RMS, ndizo spika inaweza kuvumilia kwa muda mrefu.

(e) Ijaribiwe pale pale dukani kabla ya kulipa, nawe upewe risiti.

KUIWEKA

Kazi hii mwalimu alikataa kuifanya yeye. Alisema, "Nikifanya mimi, mwaka ujao mtaniita tena." Akaomba aitwe yule kijana. Tuliangaliana. Lakini akaitwa, na akaja.

Spika ina miguu miwili ya kuunganishia waya. Mmoja una alama ya chanya, au rangi nyekundu. Waya uliokuwa chanya urudi kwa chanya. Kama boksi lina spika mbili za sauti nzito na mkageuza moja, moja itasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na sauti nzito itapotea. Mtu atasema spika ni mbovu, na kumbe ni waya. Ile betri ya tochi inawasaidia hapa pia: chanya ya betri kwa chanya ya spika, karatasi huruka kuja mbele.

Kama waya umeshikwa kwa risasi, pasha moto mguu kwa sekunde mbili tatu tu, risasi iyeyuke, uondoe. Ukikawia utaunguza ule waya laini uliosukwa unaokwenda kwa karatasi. Zile waya mbili zisigusane boksi likiwa limewashwa. Na kabla ya kuchomea, chomoa plagi ya betri ikiwa inawezekana.

Juu ya betri tunasema kwa nguvu. Boksi letu lina betri za lithiamu. Betri hizo zikitobolewa na bisibisi au kuunganishwa vibaya zinawaka moto ambao hauzimiki upesi. Ikiwa imevimba, msiichaji tena; itoeni nje ya nyumba. Msizitupe motoni wala katika shimo la mbolea. Maboksi makubwa ya magurudumu mara nyingi yana betri ya risasi na asidi ya volti 12. Hiyo nayo ni sumu kwa udongo na kwa kisima. Irudisheni kwa wanaonunua betri kuukuu.

Kisha weka ule ukanda wa sponji kati ya fremu na boksi. Kama umechakaa, kata mpya. Hewa ikivuja pembeni, sauti nzito inapungua na utasikia mluzi. Kaza skrubu kwa kupishana, upande huu na upande wa pili, kama nati za gurudumu la gari. Usikaze moja mpaka mwisho kwanza, fremu itapinda na koili ikwaruze.

Washa kwa sauti ya chini kama dakika kumi. Ndipo ufunike.

HESABU YETU

Mweka hazina alisoma hesabu mbele ya wote. Spika isiyofaa 800, iliyofaa 1,100, nauli za safari mbili 800, risasi na sponji 150. Jumla 2,850. Kama tungebeba spika ya zamani mara ya kwanza, ingekuwa 1,650 tu. Kosa la rula lilitugharimu 1,200. Hata hivyo tulikodisha boksi mara sita, shilingi 3,000, na pesa zote zikarudi.

Lakini si kila boksi linafaa kutengenezwa. Kama amplifaya imeungua, betri nayo imekufa na boksi limepasuka, jumlisheni kwanza. Gharama ikipita nusu ya bei ya jipya, afadhali mchange mnunue. Na vile vidogo vilivyogandishwa kwa gundi bila skrubu, mara nyingi ukivifungua umevivunja.

NANI ALIHARIBU?

Sasa turudi kwa kijana. Siku ile mwalimu aliishika ile spika ya zamani, akakata karatasi kwa wembe, akatuonyesha koili. Ilikuwa nyeusi kama makaa. Akasema, "Hii haikuungua siku moja. Imepikwa pole pole." Akauliza kama tuliwahi kuisikia ikikwaruza kabla ya ule mchango.

Tulinyamaza. Halafu mama mmoja akasema, "Mwalimu, ilikwaruza tangu ile harusi." Mwingine akasema hata katika baraza ilikwaruza. Kumbe wote tuliisikia, kama wiki tatu. Na kila ilipokwaruza, mtu alisema "Ongeza sauti, watu wa nyuma hawasikii." Mwenyekiti mwenyewe alisema hivyo siku ya mchango, na betri ilikuwa imeshuka. Kijana aliongeza kwa sababu mzee amemwambia. Angefanya nini?

Akina mama na akina baba, tuliona haya. Tulimhukumu mtoto wa mwenzetu kwa kitu ambacho hata hatukuwa tumekifungua. Mwenyekiti na wawili wa kamati walikwenda kwa yule mama jioni ile ile. Hatukumtumia ujumbe kwa simu, tulikwenda kwa miguu. Mzee alisema, "Mama, tulikosa. Deni lile halikuwa lake." Mama alitukaribisha chai. Jumatano iliyofuata alikuja merry-go-round, akakaa mahali pake.

Leo kijana ndiye mtunzaji wa boksi, na amekwisha kutengeneza maboksi mawili ya watu kwa malipo. Nasi tumeandika kanuni hizi katika daftari:

– Sauti isipite robo tatu ya mwisho wake, hata mzee akisema nini.
– Ikianza kukwaruza, punguza mara moja, uandike siku hiyo.
– Betri ikishuka, pumzisha boksi na ulichaji.
– Lisikae juani, lisinyeshewe, na lifunikwe gunia safi. Panya wanapenda karatasi ya spika.
– Kila likikodishwa, shilingi 50 ziende mfuko wa matengenezo.
– Hakuna mtu atakayelipishwa kitu kabla hakijafunguliwa na kupimwa mbele ya wanachama.

Hiyo ya mwisho haihusu boksi peke yake. Tangu hapo tumeitumia kwa pampu ya maji iliyokwama, na kwa pesa 300 zilizokosekana katika hesabu. Pampu ilikuwa na kokoto. Pesa zilikuwa zimeandikwa mara mbili. Hakuna mwizi aliyepatikana, kwa sababu hakuwako.



MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna kitu cha kikundi kilichowekwa pembeni bila kupimwa? Ni nani katika eneo lenu anayeweza kuwaonyesha jinsi ya kukipima?

2. Kifaa cha kikundi kikiharibika, kikundi chenu hufanya nini kwanza?

3. Je, kuna mwanachama aliyeacha kuja kwa sababu ya lawama? Nani ataenda kumwona?